Mguu Usiosubiriwa: Historia ya Teke la Kasi

Uliza kwenye kijiwe chochote kati ya Ilala na Manzese ni nani aliyekuwa na teke la kasi kuliko binadamu wote, utajibiwa kabla hujamaliza swali: Bruce Lee. Hapo hakuna ubishi. Lakini ukiuliza swali la pili, yaani alifanya nini hata mguu wake ukawa hivyo, kila mtu atakuja na lake. Mmoja atasema jamaa alikuwa anatembea na vyuma miguuni mwaka mzima. Wa pili atasema kuna dawa ya Kichina. Wa tatu ataapa kwamba alipanda mche wa mti, akawa anauruka kila asubuhi, mti unakua na yeye anapanda nao, mpaka siku moja akauruka ukiwa mrefu kama nyumba.

Msomaji, makala hii inahusu hilo swali la pili. Nimelibeba tangu utotoni kwa sababu nimeona majibu yake yakivunja miguu ya watu ninaowafahamu.

Tuanze mbali kidogo. Watu wengi wanadhani mateke ya juu yaliyo kwenye sinema ni mambo ya kale, kwamba mababu wa Asia walikuwa wakirushiana miguu vichwani tangu dunia iumbwe. Sivyo. Karate ilizaliwa kisiwani Okinawa, na teke la kizamani la Okinawa lilikuwa la chini: goti, muundi, kinena, tumbo. Lengo lilikuwa kumwangusha mtu haraka na kurudisha mguu chini kabla hajaukamata. Gichin Funakoshi alipoipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliipeleka na mateke yake hayo ya chini. Ni mwanawe, Yoshitaka, aliyefariki mwaka 1945, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanza kurefusha mkao na kuinua miguu: teke la ubavu juu zaidi, teke la mzunguko, goti kukunjwa kabla ya mguu kufyatuka. Kwa hiyo mateke marefu ya karate hayana hata miaka mia moja. Bibi yangu angeweza kuwa dada mkubwa wa mateke hayo.

Korea nako hali ilikuwa hivyo. Walikuwa na mchezo wao wa asili wa miguu, uitwao taekkyon, lakini jina taekwondo lilipatikana mwaka 1955 tu. Makao yake makuu, Kukkiwon, yalifunguliwa Seoul mwaka 1972, na shirikisho la dunia likaundwa mwaka uliofuata. Wakorea ndio walioamua kwamba mguu uwe silaha ya kwanza na mkono uwe wa pili. Wakishaamua hivyo, swali la kasi likawa lazima. Mguu ni mzito kuliko mkono, safari yake ni ndefu, na ukiwa juu umebaki na mguu mmoja ardhini kama korongo. Teke la polepole ni zawadi unayompa adui.

Sasa basi, sisi haya yote yalitufikia vipi? Kwa picha. Kung fu iliingia Dar es Salaam kwenye miaka ya 1970 kupitia majumba ya sinema, enzi za Empire, Avalon na Odeon. Bruce Lee alikuwa ametoa The Big Boss mwaka 1971, Fist of Fury na The Way of the Dragon mwaka 1972, na Enter the Dragon mwaka 1973, mwaka aliofariki akiwa na miaka 32. Vijana wa wakati ule walimwona mtu mwembamba, asiye na bunduki, hana gari, shati hana, anawachapa matajiri na wakoloni kwa mwili wake mwenyewe. Katika nchi iliyokuwa inahimizwa kujitegemea, picha hiyo ilieleweka bila mkalimani. Na katika Enter the Dragon alikuwapo Jim Kelly, Mwafrika wa Marekani mwenye nywele za afro, kwa hiyo hata mtoto wa Kariakoo alijiona ndani ya kioo.

Mimi ni wa kizazi cha baadaye. Kizazi cha vibanda vya video, benchi la mbao, pazia la gunia mlangoni, na steringi ambaye sote tulijua hafi. Televisheni ilikuwa haijaanza kurushwa Tanzania Bara, ilianza mwaka 1994, kwa hiyo kibanda ndicho kilikuwa chuo chetu. Na chuo hicho kilitufundisha jambo moja ambalo halikuwa kweli, wala hakuna aliyetuambia.

Jambo lenyewe ni hili. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde moja. Mpigapicha akirekodi picha 20 tu kwa sekunde, halafu filamu ikaonyeshwa kwa mwendo wa kawaida wa 24, kila kitu kinaongezeka mwendo. Teke lililochukua sekunde 0.30 litaonekana kuchukua sekunde 0.25. Mafundi wa picha nyingi za Hong Kong walitumia ujanja huo, na si siri. Kwa hiyo tuliokuwa tunajipima na picha tulikuwa tunajipima na mashine. Bruce Lee mwenyewe, inasimuliwa, alikuwa na tatizo la kinyume: alipoigiza The Green Hornet huko Marekani, mwaka 1966 na 1967, waliambiana apunguze kasi maana kamera zilikuwa hazimkamati vizuri. Lakini huyo alikuwa mmoja. Wengine wengi tuliowaabudu walikuwa wepesi kwa msaada wa kiwanda.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na uwanja wa vumbi, na kaka zetu walikuwa wanafanya mazoezi pale jioni. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kuhesabu. "Dogo, hesabu kwa sauti!" Nami nahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka mia mbili. Walishona mifuko ya turubai, wakaijaza mchanga, wakaifunga kwenye vifundo vya miguu, kisha wanarusha mateke hewani kwa nguvu zote. Nadharia ilikuwa rahisi: ukizoea mzigo, siku ukiuvua utaruka kama ndege. Mmoja wao, ambaye sisi wadogo tulimwita Bro tu, alikuwa na msamba wa ajabu na roho ya chuma. Hakukosa siku. Baada ya miezi kadhaa goti lake likaanza kulia kila akilinyoosha, kama bawaba ya mlango wa zamani. Mwalimu aliyekuwa akiwafundisha alimwambia maumivu ni dalili ya uanaume. Goti likavimba. Leo Bro ni mtu mzima, fundi wa friji, na akipanda ngazi anaanza na mguu wa kushoto kila hatua, wa kulia unafuata kama mtoto anayevutwa mkono.

Miaka mingi baadaye nilipoanza karate ya kweli, ya kusalimiana na kuinama, nilimweleza mwalimu wangu wa pili habari za ile mifuko. Akacheka bila furaha. "Kijana wangu," akasema, "fikiri mwenyewe. Unarusha mguu kwa nguvu zote, na kilo mbili za mchanga zimening'inia mwishoni. Mguu ukifika mwisho, nani anaufungia breki?" Nikasema, "Goti, mwalimu." Akasema, "Basi umeshajijibu."

Kumbe hata huyo Bruce Lee, historia yake halisi haifanani na hadithi ya kijiweni. Kijana wa Hong Kong, mwanafunzi wa Ip Man, bingwa wa kucheza cha-cha wa mwaka 1958, alikwenda Marekani mwaka 1959. Sanaa aliyojifunza, wing chun, ni ya mikono zaidi, na mateke yake ni ya chini. Mwaka 1964 huko Oakland alipigana na mwalimu mwingine wa kung fu, Wong Jack Man. Watu wanabishana mpaka kesho nani alishinda. Kwa maelezo ya upande wa Lee, alishinda, lakini alikasirika: pambano lilichukua muda mrefu kuliko alivyotaka, na pumzi ilimwishia. Hapo akaanza upya. Kukimbia, kuruka kamba, kuinua vyuma, kusoma vitabu vya ndondi na vya upanga wa Kizungu. Mwaka huohuo alikutana na Mkorea Jhoon Rhee, mmoja wa walioipanda taekwondo Marekani, wakawa marafiki wa kubadilishana: Rhee alimwongezea ujuzi wa mateke, naye akampa ujuzi wa ngumi. Yaani steringi wetu mkubwa wa mateke, mateke yake marefu aliyakuza ukubwani, kwa kuuliza aliyejua.

Na aliumia pia. Mwaka 1970, akifanya zoezi la kuinamia mbele na chuma mabegani, aliumia mgongo. Madaktari walimwambia hatarusha mateke tena. Alilala miezi mingi, akawa anaandika. Daftari zake za wakati huo ziliingia katika kitabu Tao of Jeet Kune Do kilichotoka mwaka 1975, yeye akiwa kaburini. Picha zile zote nne nilizozitaja alizipiga baada ya jeraha hilo. Kijiweni hakuna anayesimulia habari ya mgongo wa Bruce Lee. Haipendezi. Lakini mwanafunzi wa teke ana haja nayo kuliko habari ya mti.

Nina mtu mwingine ambaye nampenda zaidi katika historia hii, naye kijiweni hajulikani kabisa. Anaitwa Bill Wallace, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1945. Mwaka 1966 aliumia goti la kulia kwenye judo. Goti lile halikurudi kuwa la kutegemewa katika mateke. Mtu mwingine angehamia kwenye mchezo wa bao. Yeye alihamia karate, akaamua kuwa na mguu mmoja: wa kushoto, ulio mbele. Septemba 1974, Los Angeles, ulifanyika ubingwa wa dunia wa karate ya kupigana kwa nguvu kamili, Wallace akachukua uzito wa kati. Akakaa na mkanda wake mpaka alipostaafu mwaka 1980, mapambano 23, hakupoteza hata moja. Walimwita Superfoot. Teke lake lilipimwa, na takwimu inayotajwa ni zaidi ya maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 97.

Sasa jiulize kama nilivyojiuliza mimi. Kila mpinzani alijua ni mguu gani unakuja. Wa kulia hauji. Hakukuwa na siri. Iweje basi watu 23 washindwe kuukwepa mguu mmoja?

Jibu liko kwenye goti lililokunjwa. Wallace alisimama ubavu ubavu, akainua goti la kushoto namna ileile kila mara, na kutoka hapo akawa na mateke matatu: la ubavu linalokwenda moja kwa moja tumboni, la mzunguko linaloingia kutoka mbele, na la ndoano linalorudi kutoka nyuma kumchapa mtu upande wa pili wa kichwa. Mwanzo ni mmoja, mwisho ni tatu. Mpinzani akiona goti limepanda hajaona kitu bado. Mpaka ajue ni lipi, limeshafika.

Hapa ndipo sayansi inapotusaidia. Mtu mzima akiambiwa abonyeze kitufe mara aonapo taa ikiwaka, atatumia kama sekunde 0.2. Hiyo ni taa moja, kazi moja. Ukimwekea taa tatu na vitufe vitatu, anachelewa zaidi, maana lazima achague. Mwaka 1952 Mwingereza W. E. Hick alionyesha kwamba kadiri chaguo zinavyoongezeka ndivyo muda wa kuitikia unavyorefuka. Teke la mzunguko la mchezaji aliyeiva huchukua kama theluthi ya sekunde au pungufu. Toa sekunde 0.2 za macho na ubongo, unabakiwa na kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kuinua mkono. Ukimwongezea na kazi ya kuchagua, hana kitu. Kwa hiyo Wallace alikuwa na kasi mbili: moja ya mguu wake, nyingine aliyoipora kwenye kichwa cha mwenzake.

Na hiyo ya mguu nayo ina utaratibu wake. Teke huendeshwa kama mjeledi. Nyonga inaanza, paja linafuata, halafu paja linapopunguza mwendo ndipo muundi na unyayo vinafyatuka. Ukikaza mguu mzima kuanzia mwanzo kwa sababu una hasira, misuli ya nyuma ya paja inavuta huku ya mbele inasukuma, ni kama dereva anayekanyaga mafuta na breki pamoja. Ndiyo maana walimu wazuri wanapiga kelele "Legeza! Legeza!" na wanafunzi wanadhani wanaambiwa wawe wavivu. Mkazo unatakiwa mara mbili tu: mwanzo wa kuondoka, na pale unapogusa.

Nguvu ya kuondoka nayo ina historia yake, tena nje kabisa ya dojo. Mkufunzi wa Kisovieti, Yuri Verkhoshansky, alikuwa akiwafundisha warukaji. Katika miaka ya 1960 alikuza zoezi la kumdondosha mwanariadha kutoka juu ya kijukwaa, na akigusa tu chini aruke tena hapohapo, bila kutulia. Misuli inayovutwa ghafla kisha kujikunja ghafla hutoa nguvu zaidi, kama manati. Mwaka 1975 Mmarekani Fred Wilt aliyapa mazoezi ya namna hiyo jina ambalo leo gym zote zinalitumia, playometriki. Lakini Verkhoshansky alikuwa na sharti ambalo wengi huliruka: zoezi hilo ni la mtu ambaye tayari ana miguu yenye nguvu, na lifanywe machache, kwa mapumziko marefu. Ukilifanya mia mbili mfululizo jioni, uwanja wa vumbi, mtoto anahesabu, hufundishi kasi. Unaufundisha mwili kuchoka, na mwili uliochoka huzoea kwenda polepole.

Mtu ataniambia, haya ni mambo ya Wazungu na Waasia, sisi tuna nini hapo? Tunacho. Agosti 2016, Rio de Janeiro, fainali ya taekwondo ya wanaume kilo 80. Cheick Sallah Cissé wa Kodivaa anacheza na Lutalo Muhammad wa Uingereza. Muhammad anaongoza 6 kwa 4, na imebaki sekunde moja. Sekunde moja, ndugu yangu, watu kwenye viti wameshaanza kutafuta viatu. Cissé akageuka, mguu ukazunguka kutoka nyuma, ukagusa kichwa. Pointi 4. Mwisho 8 kwa 6. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yake. Siku hiyohiyo dada yao Ruth Gbagbi alichukua shaba, na siku iliyofuata Abdoul Razak Issoufou wa Niger, nchi mojawapo maskini kuliko zote duniani, akaondoka na fedha katika uzito wa juu.

Nimeiangalia ile sekunde ya Cissé mara nyingi kwenye simu, mwendo wa polepole. Anachonifundisha si nguvu. Uso wake hauna hasira. Mabega yamelegea. Alijua muda umekwisha, lakini mwili wake haukujua, nao ukafanya kile ulichofanyishwa siku zote. Hiyo haipatikani kwa mwezi mmoja wa mifuko ya mchanga.

Kwa nini naandika haya katika gazeti la fasihi, nisiyapeleke kwa wanamichezo? Kwa sababu kosa la uwanja wa vumbi lilikuwa kosa la simulizi kabla halijawa la mazoezi. Kaka zetu hawakukosa juhudi, walikuwa nazo kupita kiasi. Walikosa mtu wa kuwaandikia kwa lugha yao kwamba Bruce Lee alikata pumzi, kwamba alilala kitandani, kwamba bingwa wa mguu mmoja alianza na goti bovu. Walipewa mti unaorukwa. Anayeandika kwa Kiswahili leo, hata kama ni hadithi tu, akimpa steringi wake mguu wa ajabu, basi ampe na miaka iliyoujenga.

Sasa nasaidia kufundisha watoto Jumamosi, kwenye ukumbi wa kuazima. Programu yetu ya teke ni ndogo. Kwanza wanapasha mwili moto mpaka jasho litoke. Kisha goti, goti tu, juu na chini, bila kurusha mguu, mpaka linapanda vilevile kila mara. Kisha teke la polepole, mkono umeshika ukuta, aone mwenyewe njia ya mguu. Kasi inakuja baada ya hapo: mateke 5 kwa nguvu zote kwenye pedi, kisha anakaa dakika moja au zaidi. Seti chache, basi. Mara tu teke linapoanza kupungua kasi, tunaacha. Kunyoosha viungo na msamba ni mwisho, taratibu, na hakuna kumkandamiza mtu mabega. Mwenye kuumwa goti anasema, na akisema hachekwi.

Wazazi wengine hawapendi. Juzi baba mmoja alikuja akatazama, akaniita pembeni. "Mwalimu, mbona wanapumzika sana? Mimi nalipa." Nikamwomba akae mpaka mwisho. Bro alikuwapo siku hiyo, amemleta binti yake wa miaka kumi na moja. Yule binti alikuwa anapiga pedi, goti linapanda, halafu mlio. Baba yule hakuongea tena. Bro naye hakusema kitu, alikuwa anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, na alipofika tano akaacha.